Siku yangu moja kwenye kitengo cha usonji

Saa 11:00 alfajiri
Naishi Kimara. Ukichelewa kutoka huku, mwendokasi unaupanda ukiwa umebanwa mlangoni, kwa hiyo naamka mapema. Nasoma saikolojia mwaka wa tatu, na kipindi hiki niko kwenye mafunzo kwa vitendo katika kitengo cha watoto wenye usonji (autism, hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano na mahusiano na watu), kwenye shule moja ya msingi ya serikali hapa Dar es Salaam. Wenzangu wengi waliomba hospitali au ofisi za rasilimali watu. Mimi niliomba huku kwa ajili ya watoto, na zaidi kwa ajili ya mama zao. Nilikotokea, Tanga, mtaani kwetu kulikuwa na mtoto aliyekuwa akifungiwa chumbani kila wageni wakibisha hodi. Watu walisema mama yake alivunja mwiko akiwa mjamzito. Yule mama sijawahi kumsahau.

Saa 1:30 asubuhi
Watoto wanaingia. Ukutani kuna ratiba ya picha: begi, kitabu, uji, bembea, nyumbani. Shughuli ikiisha, mtoto anabandua picha yake na kuitia kwenye kopo. Kwa wengi wao, jambo likibadilika ghafla ni tishio kubwa. Leo bembea imekatika kamba, na mwalimu amewahi kubandika picha ya mpira mahali pake kabla hawajafika. Asingefanya hivyo, asubuhi yote ingekuwa vilio.

Saa 3:00 asubuhi
Nakaa na mvulana wa miaka tisa. Hana maneno mengi ya kwake, ila vituo vya daladala anavitaja kwa sauti ileile ya konda: "Banana, Jeti, Tazara, Buguruni!" Mtaani kwao wanasema amepagawa. Tunapanga vibao vya rangi. Baada ya muda anaanza kutikisa mikono, anatazama mlango, kisha anapaza sauti: "Shusha!"

Mwalimu wa darasa, ambaye amefanya kazi hii miaka mingi, ananiambia taratibu, "Amechoka. Mwache ashuke." Nasukuma kiti nyuma. Mtoto anainuka, anazunguka darasa, anagusa kila dirisha, halafu anarudi mwenyewe na kuchukua kibao cha njano.

Neno lile alilisikia kwa abiria, akajua kwamba anayelisema hufunguliwa mlango akatoka. Daktari wa akili za watoto aitwaye Leo Kanner, alipowaeleza watoto 11 wenye usonji katika makala yake ya mwaka 1943, kule Baltimore, Marekani, aliandika pia kuhusu watoto wanaorudia maneno ya watu wengine. Kuona jambo hilo kwa macho yangu, Kiswahili cha barabara ya Gongo la Mboto kikifanya kazi hiyo mdomoni mwa mtoto, kunanipa nguvu kuliko mtihani wowote niliofaulu.

Saa 4:30 asubuhi
Uji. Kengele ya shule inalia na watoto wawili wanaziba masikio. Msichana mmoja hanywi mpaka uji upoe kabisa. Anaweka kiganja juu ya kikombe, anasubiri, anaweka tena. Hakuna anayemharakisha.

Saa 8:00 mchana
Wazazi wanakuja kuchukua watoto. Karibu wote ni akina mama, na linaniuma kila siku, kwa sababu baadhi yao waume waliondoka baada ya kusikia neno usonji.

"Shikamoo mama."
"Marahaba mwanangu. Kashindaje?"

Namweleza mama wa yule mvulana habari ya "shusha". Anacheka, anafuta macho kwa ncha ya khanga, kisha ananiuliza swali ambalo nadhani amelibeba muda mrefu: je, ni kwa sababu alimwachia dada wa kazi akiwa mchanga, akarudi sokoni kuuza samaki?

Namjibu hapana. Halafu narudia tena, hapana mama, hukumfanya hivi wewe.

Saa 2:00 usiku
Naandika ripoti, lakini kichwa changu kiko kwa yule mama. Lawama aliyobebeshwa haikuanzia kwa majirani tu. Taaluma ninayoisoma nayo iliwahi kuwabebesha akina mama mzigo huo. Katika miaka ya 1960 Bruno Bettelheim, mwandishi maarufu wa mambo ya watoto kule Marekani, alieneza dai kwamba usonji unaletwa na mama asiye na upendo, na wazazi wengi waliliamini. Mwaka 1964 Bernard Rimland, mwanasaikolojia wa Marekani ambaye mwanawe mwenyewe alikuwa na usonji, alilipinga kwa kitabu kizima. Mwaka 1977 watafiti Susan Folstein na Michael Rutter walichunguza jozi 21 za mapacha nchini Uingereza, wakaonyesha kwamba urithi wa kibaiolojia una nafasi kubwa. Jibu hilo lina umri mrefu kuliko mimi, na bado halijamfikia mama anayeuza samaki Buguruni. Ndiyo maana nataka kazi hii.

Kesho nitamwomba anipigie picha ya daladala wanayopanda. Mwalimu amekubali tuifanye kadi, mtoto awe anaikabidhi akitaka kupumzika, ili hata asiyemjua aelewe.