Bahari ikikupwa si saa zake

Huku Paje na Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, tumezoea maji kukupwa mbali, hasa wakati wa bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mpevu), kinamama wakishuka kwenye mashamba ya mwani. Dalili ya tsunami, mawimbi makubwa yanayoletwa hasa na tetemeko chini ya bahari, ni tofauti: maji yanatoka ghafla nje ya saa zake, au yanakupwa na kujaa ndani ya dakika chache. Ukiona hivyo acha kamba na vigingi vya mwani, kimbilia juu maweni, mbali na ufukwe, usisubiri tangazo. Wimbi la kwanza mara nyingi silo kubwa. Mengine hufuata baada ya dakika 10 hata saa nzima, na kurudi kuokota samaki ndiko kunakoua. Aliye chomboni nje ya mwamba asikimbilie pwani, aelekee kilindini. Tsunami ya 26 Desemba 2004 ilitoka Sumatra, Indonesia, ikachukua saa kadhaa kufika huku. Kilichokosekana ni habari.