Mama, Zamu ya Usiku na Ibada ya Kwanza

Mama yangu alikuwa muuguzi mkunga mkoani Kilimanjaro kwa zaidi ya miaka 30, na katika muda huo wote sikumbuki Jumapili aliyokosa ibada kwa sababu ya uchovu. Alipotoka zamu ya usiku alifika nyumbani alfajiri, akaoga, akavaa kitenge, akatuamsha watoto wake wanne, kisha akatuongoza hadi usharika wetu wa Kilutheri, ambako aliimba sauti ya pili katika kwaya ya akina mama. Kwenye mnada wa sadaka za mazao, nje ya kanisa, hakukosa kununua mkungu wa ndizi, ingawa nyumbani tulikuwa na migomba yetu.

Hapo ndipo wanawake walipomzunguka wakiwa na kadi za kliniki, naye, bila kuonyesha haraka, aliwakumbusha kwamba chanjo ya surua hutolewa mtoto anapotimiza miezi 9, na kwamba mzazi anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua asisubiri kupambazuke. Aliwahi kumpoteza mama mmoja kwa sababu hiyo, aliyeletwa amechelewa mno, na jioni ile alikaa jikoni kimya mpaka uji ukaungua. Baba, ambaye kwa desturi za wakati ule hakutarajiwa kugusa sufuria, aliinuka, akaiosha, akatupikia upya. Tangu siku hiyo, kila mama alipokuwa zamu ya usiku, baba ndiye aliyetusalisha na kutulaza.