Barua pepe zinatoka, haziingii

Malalamiko huja karibu kwa maneno yaleyale: "Natuma vizuri tu, ila sipokei." Anayesema hivyo huwa ameshajihakikishia kwamba kama zinatoka, basi intaneti ipo, nywila ni sahihi na programu ni nzima. Sivyo. Kutuma na kupokea ni kazi mbili zisizojuana. Kutuma hupitia SMTP, kanuni za barua zinazotoka, kwa kawaida kwenye poti (mlango wa mtandao wenye namba) 587 au 465. Kupokea hupitia moja ya njia mbili: IMAP, inayoacha barua kwenye seva (kompyuta ya mtoa huduma), kwenye poti 993, au POP3 kwenye poti 995. Hata nywila huweza kuhifadhiwa mara mbili, upande mmoja mpya, upande wa pili ya mwaka juzi.

Kwa hiyo mimi huanza na kivinjari, kabla ya kugusa mipangilio yoyote. Ukiingia kwenye akaunti mtandaoni ukakuta meseji zimejaa, ujue kasoro iko kwenye programu au kompyuta. Hapo washukiwa wanajulikana. Programu imewekwa katika hali ya nje ya mtandao bila mwenyewe kujua. Saa ya kompyuta imepotoka, hivyo cheti cha seva, yaani kitambulisho chake chenye tarehe za uhalali, kinakataliwa. Nywila inaombwa tena na tena ingawa ni sahihi: hii imeongezeka tangu Mei 2022, Google ilipoacha kukubali nywila ya kawaida kutoka kwa programu za nje kwenye akaunti za watu binafsi; dawa yake ni kuchagua OAuth2, yaani kuingia kupitia ukurasa wa Google wenyewe, kwenye njia ya uthibitishaji. Antivairasi inayochungulia barua nayo huwa siiamini hata kidogo.

Ya mdogo wangu ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu hata mtandaoni inboksi ilikuwa tupu. Yeye ni mhasibu, wateja wanaapa wametuma, na programu haitoi onyo lolote, inasema tu hakuna ujumbe mpya. Heri hitilafu inayopiga kelele.

Nikamtumia ujumbe kwa simu yangu, tukakaa tukikodolea macho kivinjari. Ukaingia. Dakika chache baadaye ukatoweka mbele yetu, hakuna aliyeufungua, wala kwenye folda ya taka haupo.

"Kaka, umeona?"

Nimeona. Hiyo ni tabia ya POP3. Kanuni zake zinazotumika hadi leo ni za 1996, enzi ambazo mtu alikuwa na kompyuta moja tu: inashusha barua kwenye diski, na isipoelekezwa kuacha nakala, inaifuta kwenye seva. Kwa hiyo kuna kompyuta nyingine iliyokuwa ikituwahi.

"Laptopu yako ya zamani iko wapi?"

"Nilimwachia mtoto, anachezea gemu."

Kumbe kila mtoto akiwasha, programu ya barua inafunguka yenyewe nyuma ya gemu na kukagua barua kila baada ya dakika 10. Ankara, maswali, vikumbusho vyenye hasira, vyote vilikuwa mle, havijasomwa.

Mdogo wangu alitaka kuifuta akaunti ile palepale. Nikamshika mkono, maana zile ndizo nakala pekee zilizobaki. Tulizima kwanza ukaguzi wa kiotomatiki, tukanakili folda ya programu kwenye diski ya nje, kisha tukaongeza akaunti ileile mara ya pili, safari hii kwa IMAP. Meseji tukazinakili kutoka folda za POP kwenda za IMAP, kwa mafungu madogo, kwani ukizibeba zote pamoja programu huganda. Zikapanda seva, na zikaanza kuonekana kwenye kompyuta yake mpya, ambayo nayo tuliihamishia IMAP. Nilipohakikisha idadi inalingana pande zote mbili ndipo akaunti ya POP ikafutwa.

Laptopu ilirudi kwa mtoto bila programu ya barua pepe kabisa.