Mwaka wa kusoma riwaya kwa mfuatano: uzoefu wangu

Wengi hushauri kwamba anayetaka kusoma mwaka mzima ajipangie idadi ya kurasa kwa siku. Ushauri huu unaudhi. Ukifukuzia idadi unaishia kuchagua vitabu vyembamba, na wembamba si dalili ya wepesi. Nagona, riwaya ya Euphrase Kezilahabi, haifiki kurasa 100, lakini anayeianza bila maandalizi huiacha kabla ya kufika katikati.

Mimi niliachana na hesabu hizo, nikamsoma kila mwandishi kwa mfuatano wa miaka ya vitabu vyake. Kwa Kezilahabi nilianza na Rosa Mistika (1971), nikaja Kichwamaji (1974), Dunia Uwanja wa Fujo (1975), Gamba la Nyoka (1979), ndipo nikaingia Nagona (1990) na Mzingile (1991). Faida yake ni kubwa mno. Maswali ya Kazimoto, mhusika mkuu wa Kichwamaji, kuhusu kifo na maana ya kuishi yanarudi katika Nagona yakiwa yamevuliwa visa vya kawaida. Aliyekwisha kuyazoea hapotei. Adam Shafi naye vivyo hivyo: Kuli (1979) inakufikisha kwenye mgomo wa bandarini Zanzibar wa 1948, kisha Vuta N'kuvute (1999) inakupeleka kwenye harakati za miaka ya hamsini.

Mwaka wa kitabu uangalie nyuma ya ukurasa wa jina, palipoandikwa toleo la kwanza, si mwaka wa chapa uliyoishika. Hata hapo Shaaban Robert anahitaji uangalifu: alifariki 1962, ilhali Utubora Mkulima ilitoka 1968, kwa hiyo mwaka wa kuchapwa si lazima uwe mwaka wa kuandikwa.

Maneno magumu ndiyo yaliyonifundisha mengi. Kusimama kila neno na kufungua kamusi kunaua hadithi. Weka nukta ya penseli pambizoni, endelea, kamusi uifungue sura ikiisha. Utakuta nukta nyingi zimejijibu, kwa sababu neno limejirudia mahali penye maelezo ya kutosha. Zilizobaki andika daftarini: neno, ukurasa, na sentensi nzima. Bila sentensi, neno halikai kichwani. Katika riwaya za Visiwani kuna maneno ambayo kamusi yako huenda isiwe nayo. Hayo muulize Mzanzibari mtu mzima, naye msomee sentensi yote.

Ushairi usiuchanganye na ratiba ya riwaya. Sauti ya Dhiki (1973) ya Abdilatif Abdalla, aliyoitunga akiwa gerezani Kenya, niliisoma kwa sauti, mashairi 2 au 3 kwa kikao. Kwenye mshororo wa mizani (silabi) 16, pumzika baada ya mizani 8, ukwapi, yaani kipande cha kwanza, unapoisha. Ukikosa pumziko hilo vina vya kati havisikiki, na nusu ya utamu imekwenda.

Vitabu vingi vilikuwa vya mitumba, vya shilingi elfu chache tu, vingine elfu kumi na kitu. Kabla ya kulipa, pitisha kidole kwenye namba zote za kurasa. Kitabu hufungwa kwa mikunjo, yaani mafungu ya karatasi zilizokunjwa pamoja, mara nyingi ya kurasa 16, kwa hiyo mkunjo ukichomoka hupotea wote kwa pamoja. Na kitabu cha zamani kilichogandishwa kwa gundi usikilaze wazi kifudifudi: gundi iliyokauka hupasuka mgongoni, kurasa zikaanza kutoka moja moja.