Kikao cha uji

Januari 2016, elimu bila ada ilipoanza Tanzania, nilikuwa nafundisha darasa la kwanza katika wilaya ambayo wazazi wengi wanaishi kwa vibarua vya shamba. Kipimo cha Serikali ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja. Mimi nilipokea zaidi ya 140. Uhaba wa madawati ulisemwa sana mwaka ule, nchi nzima ikahangaikia mbao. Njaa haikusemwa.

Awali wazazi walikuwa wakichangia mahindi ya uji. Waliposikia bure, madebe yakakoma. Ikifika saa nne watoto wanasinzia juu ya madaftari. Silabi waliyoiimba vizuri saa mbili, ukiiuliza tena, mkono haunyooshwi hata mmoja. Hapo ndipo nilipotakiwa kufundisha KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu.

Machi tukaitisha kikao darasani kwangu, wazee wa watu wamebanana kwenye madawati ya watoto. Baba mmoja akasimama: “Rais kasema bure. Mnatuchangisha nini tena?” Akapigiwa makofi, na mimi sikuona kosa lake, ndivyo alivyotangaziwa.

Mwalimu mkuu hakubishana. Akashika chaki, akaandika 10,000, ruzuku ya Serikali kwa mwanafunzi mmoja kwa mwaka. Akatoa 4,000 za vitabu, ambazo zilikuwa zikibaki serikali kuu bila kufika shuleni. 6,000 zilizobaki akazigawa kwa siku 194 za masomo. Jibu halikufika shilingi 31.

“Humo ndimo imo chaki, mitihani na ukarabati,” akasema. “Atakayeuona uji, anionyeshe.”

Watu wakacheka, isipokuwa bibi mmoja anayelea wajukuu. “Mwalimu, hesabu nimeielewa. Lakini mahindi hata ya nyumbani sina. Nitoe nini?”

Kimya kikatanda. Mwenyekiti wa kijiji, ambaye kwa kawaida haishiwi maneno, akaanza kupekua daftari lake. Mwishowe tukakubaliana kila kaya ilete debe moja baada ya mavuno, asiye na shamba achangie kuni au maji. Bibi akaandikishwa kupika.

Uji ulianza Julai, muhula wa pili. Lakini miezi ya kushika irabu ilikuwa imeshapita watoto wakiwa na njaa. Wengine walipanda la pili hawajui kusoma, na mwenzangu aliyewapokea akaja kuniuliza nilikuwa nafundisha nini mwaka mzima.