Umejuaje, Meja?

Jumapili iliyopita, magharibi ikiwa ndiyo kwanza imeingia, kijana mmoja alinipigia simu. Ni meja, baba yake tulikuwa naye kombania moja zamani. Ameteuliwa kwenda kozi ya ukamanda na unadhimu mwakani, ile ya kumfunza afisa kuongoza na kupanga kazi za vikosi vikubwa, na sambamba na kozi kuna nafasi ya kusoma shahada ya uzamili. Wenzake wamemshauri aachane nayo. Kozi yenyewe tu hulali, wanamwambia, hiyo tasnifu utaiandika saa ngapi? "Baba, wewe ulifanya vyote viwili. Niambie."

Tuliongea mpaka salio lake likaisha, nikampigia mimi. Bado sikumaliza. Yaliyobaki nayaandika hapa, yamfae yeye na wengine wa cheo chake. Umri ule naujua. Una miaka 37 au 38, umeshaongoza kombania, umeshakwenda misheni, watoto wako shule ya msingi, na kwa mara ya kwanza tangu uvae gwanda jeshi linakuambia kaa chini, soma mwaka mzima.

Mimi nilipelekwa India mwaka 2006, kwenye chuo cha ukamanda na unadhimu cha Wellington, milima ya Nilgiri, jimbo la Tamil Nadu. Chuo kile mizizi yake ni ya mwaka 1905, enzi za Mwingereza. Baadaye kilikuwa Quetta, na India na Pakistan zilipogawanyika mwaka 1947, Quetta ikabaki Pakistan na Wahindi wakaanza upya pale Wellington. Nilitoka Dar es Salaam na mashati mepesi, nikapokewa na mvua za Juni na baridi kama ya Lushoto, mashamba ya chai kila upande, na treni ndogo inayopanda mlima kwa reli yenye meno. Nembo ya chuo ni bundi. Mke wangu alipoiona kwenye cheti niliporudi alinyamaza kwanza, kisha akaniomba nisikitundike sebuleni. Kwetu bundi akitua juu ya paa, watu hawalali. Kule bundi ndiye mwenye hekima.

Ukimaliza kozi na kuandika tasnifu, unapata pia shahada ya uzamili ya masomo ya ulinzi na mikakati kutoka Chuo Kikuu cha Madras. Hapo ndipo wengi tunapokwama, na si kwa sababu ya akili. Chuo kikuu hakikupi uzamili kama huna shahada ya kwanza, na maafisa wa rika langu tulitoka chuo cha maafisa cha Monduli na nyota begani bila shahada. Leo vijana wanasoma pale shahada ya sayansi ya kijeshi kwa ushirikiano na Chuo cha Uhasibu Arusha. Sisi kila mtu alijitafutia.

Mimi niliokolewa na Chuo Kikuu Huria, kile kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992. Nilijiunga mwaka 1998 nikiwa Songea. Vitabu vilikuja kwa posta, nikavisoma usiku baada ya kukagua malindo, na mtihani nikafanyia kituo cha mkoa popote uhamisho uliponikuta. Ilinichukua miaka saba. Mwaka mmoja mkuu wangu wa kikosi, simtaji wala kikosi sikitaji, alininyima ruhusa ya siku nne za mtihani. Alisema afisa anayesoma anajiandaa kuacha kazi. Mwaka ule ukapotea wote. Iliniuma, na bado ninaikumbuka kila nikisikia kwamba kuna kapteni mahali fulani anaficha vitabu vyake chini ya kitanda. Mkuu wa kikosi unayesoma hapa, nakuomba, mpe kijana wako zile siku nne.

Sasa nije kwenye hiyo tasnifu.

Nilichagua kuandika kuhusu ugavi katika vita vya Kagera. Sura ya kwanza niliiandika kwa siku tatu, nikaona nimemaliza kazi. Msimamizi wangu, kanali mpole mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, alinirudishia karatasi kukiwa na alama moja tu ya penseli. Nilikuwa nimeandika kwamba jeshi letu lilishinda kwa sababu ya moyo wa wananchi na ugavi bora. Alipiga mstari chini ya "ugavi bora" na pembeni akaandika: umejuaje?

Nilikaa na swali lile kwenye kiti cha chumbani kwangu mpaka chai ikapoa. Miaka 16 jeshini, sikuwahi kuulizwa hivyo. Jeshini taarifa inateremka, unaipokea, unaipeleka mbele. Ukiulizwa umeipata wapi, unataja cheo cha aliyekupa. Niliamini ugavi ulikuwa bora kwa sababu wakubwa wangu walisema hivyo, nao waliambiwa na wakubwa wao.

Baba yangu alikuwa dereva wa lori, Bedford ya Mamlaka ya Pamba, Mwanza. Amin alipovamia mwishoni mwa Oktoba 1978, na daraja la Kyaka likalipuliwa, magari ya mashirika na ya watu binafsi yalichukuliwa kwenda vitani, mengine na madereva wake. Reli ya Kati ilifikisha mzigo Mwanza. Kutoka hapo ni ziwa, au ni barabara ya vumbi kuzunguka kusini, na Novemba vumbi lile ni tope. Baba aliizunguka. Utotoni tulisikia habari hizo vipande vipande, sikuwahi kumketisha nikamuuliza. Nikamwandikia barua kutoka India.

Jibu lilikuja baada ya wiki tano. Karatasi mbili za daftari la mistari, na ya tatu ilikuwa ramani. Alikuwa amechora kwa kalamu ya wino wa bluu foleni ya malori kwenye pantoni la Kigongo, pale ambapo sasa kuna daraja. Kila lori kisanduku, na ndani ya kisanduku herufi moja: P ya petroli, U ya unga, R ya risasi, M ya maji. Lake alilitia kivuli. Pembeni kabisa aliandika: malori 34, siku mbili usiku na mchana, mvua.

Nilimpelekea msimamizi kwa furaha. Akaitazama kwa muda mrefu, akaniuliza tena, umejuaje yalikuwa 34? Bahati nzuri Baba alikuwa ameshajibu kwenye barua: usiku walipeana zamu ya kulinda, na kila anayepokea zamu alihesabu magari kwanza. Kanali akatikisa kichwa kukubali. "Vizuri. Sasa nitafutie mtu anayesema tofauti."

Shangazi ndiye aliyempata, mzee mwingine wa Misungwi aliyekuwa kwenye msafara uleule. Yeye alisema 29, na aliapa. Nilidhani mmoja wao amesahau. Kwa majuma mawili nilihangaika nani nimwamini, hadi nilipouliza swali nililotakiwa kuuliza tangu mwanzo: ulihesabia wapi? Baba alihesabu Kigongo. Mzee wa Misungwi alihesabu Biharamulo. Malori matano yalikufa njiani kati ya hapo.

Matano yale yalizaa sura nzima. Yalikufa kwa nini, nani aliyatengeneza, vipuri vilitoka wapi, mzigo wake ulihamishiwa magari gani. Nilikuwa naamka saa kumi alfajiri kuiandika, kabla ya vipindi.

Mwaka 2010 nilikuwa Darfur na kikosi chetu. Asubuhi moja tunapanga msafara wa mafuta, nikaambiwa magari 12 yako tayari. Nikauliza, yamehesabiwa wapi? Yalikuwa yamehesabiwa kwenye karatasi ya wiki iliyopita. Tulipokwenda kuyaona kwa macho, matatu yalikuwa juu ya mawe. Msafara ule tuliusogeza siku moja, tukaondoka na tisa yaliyo mazima, mzigo tukaupunguza.

Kwa hiyo mwanangu, nafasi hiyo ya uzamili nilikuambia uichukue na narudia. Si lazima iwe India. Chuo cha ukamanda cha Nyakinama, Rwanda, kinashirikiana na Chuo Kikuu cha Rwanda. Kenya walianzisha Chuo Kikuu cha Taifa cha Ulinzi mwaka 2021. Uingereza, kule Shrivenham, shahada ya kozi ya unadhimu inatolewa na King's College London. Fort Leavenworth, Marekani, chuo chenyewe cha ukamanda kinatoa uzamili, na kama wewe ni mhandisi ulizia Monterey, California, chuo cha wanamaji kinachopokea maafisa wa kamandi zote na wa nchi za nje. Kwetu, chuo cha ukamanda na unadhimu cha Duluti kipo hapo Arusha, na ukifika ukanali kuna Chuo cha Taifa cha Ulinzi Kunduchi, kilichofunguliwa 2012, utakaa darasa moja na wakurugenzi wa wizara. Shahada ya nje ukirudi nayo ipeleke TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, itambuliwe mapema, usingoje siku unastaafu na kuomba kazi ya kufundisha.

Na mada. Usiandike kuhusu ugaidi Afrika Mashariki yote. Kila mwaka zinaandikwa tasnifu za namna hiyo, na ukizisoma huoni mtu aliyekwenda mahali. Chukua kitu kidogo ulichokigusa mwenyewe, kisicho cha siri, kinachohesabika. Wewe ulikuwa Kongo. Anza na jenereta, au maji.

Tasnifu yangu ilikuwa kurasa 87, jalada la bluu. Niliporudi nilimpelekea Baba nakala moja Misungwi. Kiingereza hakusoma. Alifungua polepole, ukurasa kwa ukurasa kwa heshima, hadi nyuma kwenye viambatisho alipoikuta ramani yake. Aliisogeza kwenye mwanga wa mlango.

"Hapa nilikosea," akasema. "Lori la maji halikuwa mbele. Lilikuwa la nne, nyuma ya Bedford yangu." Akaniomba kalamu.

Nakala ile ndiyo ninayo hapa mezani. M imekatwa kwa mstari mmoja, na kisanduku kipya kimechorwa nyuma ya kile chenye kivuli.