Standapu kila asubuhi, kazi inatoka baada ya wiki tisa

Jamani, benki niliyokuwepo kabla ya hapa nilipo ilipoamua kwenda ajaili (agile, yaani kutengeneza programu vipande vidogovidogo na kuvitoa harakaharaka) tulianza kwa mbwembwe kweli, kuta zote vikaratasi vya njano, meneja mradi kalala meneja kaamka skramu masta (mwangalizi wa timu kwenye Skramu, moja ya njia za kufanya ajaili), saa tatu kamili tunasimama duara dakika 15, ndo standapu hiyo, kila mtu aseme jana kafanya nini, leo anafanya nini na kipi kinamkwamisha. Mimi hapo kwenye kukwama nilisema kitu kilekile mpaka wenzangu wakawa wananimalizia sentensi.

Na kazi yenyewe ndogo tu, mteja abadili namba ya simu kwenye app bila kwenda tawini. Timu yetu watu saba, siku nne tumeshaandika na kujaribu. Halafu sasa, databezi wana foleni yao, usalama wa mifumo foleni yao, watu wa sheria wanataka barua, ukivuka kote huko kuna kamati ya mabadiliko inakaa Alhamisi na ikikosekana saini moja basi mpaka Alhamisi nyingine. Nikamfuata kaka wa databezi mezani kwake, akanigeuzia skrini: "Dogo, wewe wa kumi na nne, na hao wote mbele yako wameandika ya haraka." Siku nne za kazi, wiki tisa kutoka!

Ndo akili ikanikaa sawa. Wale jamaa 17 waliokutana Snowbird, Utah, Februari 2001 wakaandika ile ilani ya ajaili, walikuwa wanawaza timu inayoandika programu, na mwongozo wa Skramu wa 2020 unataka timu kwa kawaida isizidi watu 10. Benki ina timu kibao na kazi haifii ndani ya timu, inafia njiani ikitoka timu hii kwenda ile. Ndo maana kuna mifumo ya kuendesha ajaili kwa timu nyingi. SAFe wao wanakusanya watu 50 mpaka 125 wapange pamoja wiki 8 hadi 12 za mbele, wanavuta nyuzi nyekundu ubaoni kuonyesha nani anamsubiri nani. Binafsi vyeo vyao vimenishinda, vingi mno, ila ule ubao wa nyuzi naukubali. LeSS, mfumo mwingine wa aina hiyo, wao wanapunguza, timu nyingi orodha moja ya kazi na mwenye bidhaa mmoja, yule anayeamua kipi kitangulie. Bosi wetu yeye alipenda mtindo wa 2012 wa Spotify, ile kampuni ya muziki, ambao kundi la timu linaitwa kabila, akataka tuitane makabila, HR wakaruka mita mia 😂

Kilichotusaidia ni jambo dogo tu, mtu mmoja wa databezi na dada mmoja wa usalama walihamishiwa meza yetu miezi mitatu, na kazi kama ile ikawa inatoka wiki mbili, tatu. Mabosi wao walinuna balaa, kila mmoja anaona kaibiwa mtu.

Kamati ya Alhamisi hakuna aliyethubutu kuigusa. Nasikia sasa hivi nayo wanaifanya wamesimama.